Kaplingi ya Kwenda Mwese

Usukani wa ile pikapu uliweza kuzunguka robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Nikiukata kulia, gari liliendelea mbele kama mtu aliyeitwa akajifanya hajasikia, halafu likageuka ghafla kuliko nilivyotaka. Katika barabara za mjini Mpanda, ambazo ni tambarare na zina mchanga, hilo lilikuwa jambo la kuchekesha tu. Wauza karanga wa mtaa wa Kashaulili walishajifunza kusogeza meza zao wakiniona naja. Lakini mwenye gari alikuwa na mama yake mzazi milimani, huko Mwese. Mama huyo alikuwa amevimba mguu hadi hawezi kukanyaga, na ilibidi ashushwe hospitalini kabla mvua hazijafunga barabara. Wa kumshusha nilikuwa mimi.

Mpanda nilifika kwa treni ya kutoka Tabora, katikati ya miaka ya sabini, bila sababu ya kueleweka. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Niliposikia kuna mahali reli inaishia, nilitaka kuona inaishiaje. Inaishia vibaya, kwa kweli: gogo la kuzuia mabehewa, majani marefu, na mbuzi. Nikabaki kwa kuwa nilipata kazi ya kupakia asali na nta, kisha tumbaku, kisha nikashika usukani wa pikapu hii ya mfanyabiashara mmoja wa Kashaulili aliyekuwa akinunua mpunga Usevya na maharage Mwese. Udereva sikuusomea. Nilikaa karibu na madereva wa malori nikawauliza maswali mpaka wakaniachia nijaribu, ili ninyamaze.

Ugonjwa wa usukani niliuona mwenyewe. Nilifungua boneti, nikalala chini, nikafuata kile chuma kirefu kinachoshuka kutoka mikononi mwa dereva. Hakiendi moja kwa moja hadi chini. Mahali kinapokutana na boksi la stelingi, lile linalogeuza magurudumu, kuna kipande cha duara, kipana kama kiganja, cha raba iliyoshikamana na turubai, chenye matundu manne. Boliti mbili zinakishika kutoka juu, mbili kutoka chini. Mafundi wanakiita kaplingi. Cha kwetu kilikuwa kimechanika matundu mawili, kinaning'inia kama sikio la mbwa aliyepigana. Nilibaki chini ya gari nikikitazama. Watu wote niliowabeba, magunia yote, kuku wote, walikuwa wameshikiliwa na kipande cha raba, na hakuna aliyeniambia.

Nilimwita mwenye gari, akachuchumaa, akachungulia.

"Kumbe raba?"

"Raba, mzee."

"Miaka yote hii naendeshwa na raba?"

"Ndiyo, mzee."

Akasimama akajipangusa magoti kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka. "Itoe. Weka chuma."

Siku hizo vipuri vilikuwa adimu. Ulikuwa huendi dukani kununua kitu. Ulikuwa unakwenda kuona kama kipo, na kikiwepo unajiuliza kwa nini kipo. Nilianza na duka moja karibu na soko. Mwenye duka alinisikiliza, akaingia nyuma, akakaa huko muda ambao ulinipa mashaka, akarudi na kaplingi ndani ya boksi. Ilikuwa nyeusi tii, inang'aa.

"Mpya hii," alisema.

Nikaisugua kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi. Nikainusa.

"Mbona inanukia viatu?"

Watu waliokuwa wakinunua chumvi waligeuka.

"Ndugu, unanunua au unanusa?"

Wakacheka. Nikaikunja taratibu pembeni, na chini ya ule weusi nikaona nyufa ndogondogo kama tope lililokauka. Ilikuwa raba ya zamani iliyokaa stoo mpaka ikawa ngumu, halafu ikapakwa dawa ya viatu. Sikumwambia. Nilimuuliza swali moja tu: "Utapanda nayo Mwese?"

Hapa inabidi nieleze. Mpanda ya wakati ule ilikuwa na utaratibu ambao sikuukuta pengine popote nilipozurura. Aliyegusa breki au usukani wa gari linalokwenda milimani alipanda nalo safari ya kwanza. Hakuna serikali iliyoamuru hivyo. Abiria wenyewe ndio waliosimamia. Kabla hajainua mguu, mtu wa Mwese angeuliza, "Fundi yupo?" Fundi akionekana amekaa juu ya mizigo, watu walipanda. Asipoonekana, watu walikumbuka kwamba kutembea ni afya.

"Mimi?" mwenye duka alisema. "Nikianza kupanda kila gari ninaloliuzia boliti, dukani atakaa nani?"

Jibu lilikuwa la haki. Ila wakati analitoa alikuwa tayari anairudisha kaplingi kwenye boksi, haraka, bila kunitazama.

Mwenye gari alikuwa bado anataka chuma, kwa hiyo alinipeleka mwenyewe kwa mchomeleaji mmoja upande wa mgodi wa zamani. Mgodi ulikuwa umefungwa kabla sijafika, lakini vyuma vyake vilikuwa bado vinawalisha watu. Mchomeleaji huyu alitutengenezea kiungo cha vibati viwili vinene na kipande cha bomba katikati. Kilikuwa kizuri. Mshono wake ulikuwa umepangika kama magamba ya samaki. Mwenye gari alikipima uzito mkononi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuhangaika.

"Hiki ndicho."

"Kikivunjika, kinavunjikaje?" niliuliza.

"Hakivunjiki," alisema mchomeleaji.

"Sawa. Lakini kikivunjika?"

Mchomeleaji akamgeukia tajiri wangu. "Mzee, dereva huyu umemtoa wapi?"

"Tabora."

"Mrudishe."

Walicheka wote wawili, nikacheka nao, lakini sikuacha kukitazama. Nilikuwa nimewahi kuona mshono wa kuchomelea ukiachia kwenye tela la lori la tumbaku. Asubuhi ulikuwa mzima, mchana ulikuwa mzima, halafu tela likawa porini na lori likaendelea na safari. Haukutoa hata mlio. Raba kwanza inalainika, usukani unaanza kucheza, nyuzi zinatokeza, unapata muda wa kuogopa. Kwa mtu kama mimi, ambaye haamini kitu mpaka akishike, kitu kinacholalamika kilikuwa bora kuliko kitu kinachonyamaza.

"Utapanda nacho Mwese?" nikamuuliza.

Akatazama juu kana kwamba anatafuta mvua. Akaeleza habari za kifua chake. Akaeleza habari za jembe la mtu lililokuwa linasubiri. Mwisho akasema, "Sina ndugu Mwese."

"Nani amekuuliza habari za ndugu?"

Akainamia jembe lile. Mwenye gari akakirudisha kiungo chini polepole. Utaratibu wa fundi kupanda aliujua tangu utoto wake, na mama aliyekuwa anangoja huko juu alikuwa wake.

Wa tatu alikuwa na kibanda cha bati karibu na stesheni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, na kaplingi zake alizikata kutoka kwenye mkanda wa mgodini, ule mkanda mpana uliokuwa unabeba mawe kwenye mashine. Mjini hapo mkanda huo uligeuzwa kila kitu: bawaba za milango, makubazi, kamba za kitanda. Alinionyesha unene wake, raba juu, raba chini, turubai katikati tabaka kwa tabaka. Alikata kwa kisu cha fundi viatu alichokipaka sabuni ili kiteleze. Matundu aliyatoboa kwa nondo iliyowekwa motoni mpaka ikawa nyekundu, na kibanda kizima kikajaa moshi wa raba uliotutoa machozi.

Nilimuuliza maswali mengi. Mkanda ulikaa juani muda gani? Uliwahi kumwagikiwa mafuta? Kwa nini matundu ya moto na si ya patasi? Aliyajibu yote bila kuchoka. Hilo lenyewe lilinitia shaka. Fundi wa kawaida, ukifika swali la tatu, anakuuliza kama umekuja kutengeneza gari au kusoma. Huyu alikuwa ananijibu kama mtu anayebembeleza.

"Utapanda nayo Mwese?"

Sikuwa nimefunga mdomo bado, akauliza, "Lini?"

"Kesho kutwa."

"Kesho haiwezekani?"

Ningekuwa mtu mwenye shaka za maana, ningesimama hapo hapo. Lakini shaka zangu siku zote zilikuwa kwa watu wanaokataa. Anayekubali nilimwona jasiri. Nilirudi kwa mwenye gari nikamwambia nimechagua.

"Raba tena," alisema.

"Fundi anapanda, mzee. Hata kesho yuko tayari."

Akafikiri. "Kama anapanda, basi."

Asubuhi ya safari fundi alikuja amenyoa, amevaa koti. Mkononi alikuwa na kuku aliyefungwa miguu, na kwapani kifurushi cha gazeti ambacho pembe yake ilikuwa imefunguka, nikaona rangi ya kitenge kipya. Boksi la spana alilibeba kwa mkono uliobaki, kama mtu aliyelikumbuka mlangoni.

"Fundi, kuku wa nini?"

"Wa safari."

Akaingia, akamweka kuku mapajani, akatazama mbele. Niliwasha gari. Usukani, nakiri, ulikuwa mtamu. Niliukata nao ukakata. Niliupeleka kushoto na kulia barabarani bila sababu, mpaka mwendesha baiskeli mmoja akanitukania ukoo.

Nje ya mji kulikuwa na kizuizi cha mbung'o. Kila gari lilisimama pale, na mlinzi akalizunguka na kijavu chake, wavu mdogo wenye mpini, akichungulia chini ya viti na kwenye magurudumu, ili tusisafirishe mbung'o kutoka porini kwenda kwenye ng'ombe wa watu. Mlinzi alipofika dirishani kwa fundi, aliacha mbung'o.

"Eh! Shemeji! Leo umepata gari?"

"Nimepata," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Mungu mkubwa." Mlinzi akanigeukia mimi kwa furaha. "Dereva, umefanya jambo jema. Huyu amekuwa akija hapa kuuliza malori tangu watu wapalilie. Wote wanamwambia wamejaa. Mke wake amerudi kwao Mwese, amekataa kushuka. Huyu angepanda hata toroli!"

Akainua gogo, akatupungia kijavu. Niliendesha kidogo. Usukani ule ule niliousifu ulianza kuonekana mgeni mikononi mwangu. Nilitega sikio kusikia kama kuna mlio. Kulikuwa na milio mingi. Pikapu ile haikuwahi kukosa mlio, lakini sasa kila mmoja ulikuwa unatoka kwenye kaplingi.

"Fundi."

"Naam."

"Ile kaplingi ya dukani, iliyopakwa dawa ya viatu. Ungepanda nayo?"

"Ile ilikuwa mbovu."

"Sijauliza kama ni mbovu. Ungepanda?"

Alimshika kuku vizuri. "Ningepanda."

"Na kile chuma?"

"Ningepanda."

"Kwa hiyo kupanda kwako hakuonyeshi kitu."

Akanigeukia, na mara hii alikuwa amekasirika kidogo. "Kwani mtu mwenye safari yake, gari likianguka, yeye anabaki hewani?"

 Nililifikiria swali lake kwa mwendo mrefu, tukapita miombo, tukapita mashamba mapya ya vijiji vilivyohamishwa. Kisha nikaona jambo lililonifanya nipunguze mwendo.

"Na kurudi? Tunashuka na bibi kesho asubuhi."

"Mimi sirudi kesho. Nikimaliza mambo yangu ndiyo nitarudi."

Kupanda mlima kwa gari bovu si kitu. Unakwenda polepole, injini inalia, likigoma linasimama. Mlima unaua unaposhuka. Fundi wangu alikuwa amekubali nusu ya safari isiyo na hatari, na nusu nyingine alikuwa ameniachia mimi na mama wa watu.

Barabara ya Mwese ilikuwa na mawe upande wa juu na hewa tupu upande wa chini. Kila penye nafasi nilisimama nikafungua boneti. Fundi hakushuka hata mara moja.

"Iko salama," alisema kutoka kwenye kiti, kuku mapajani.

"Umeiona kutoka hapo?"

"Naijua. Nimeikata mwenyewe."

Mimi nilichungulia kutoka juu, nikaona duara jeusi na vichwa vya boliti, nikafunga. Sikujua natafuta nini.

Tulifika jioni. Nyumbani kwa mama wa tajiri tulimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya gunia, umefungwa majani na kitambaa. Ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Fundi alimsalimia shikamoo, akachukua kuku wake, akatoweka kwa njia ya mgombani. Mimi nilipewa ugali na maharage, nikalala ndani ya gari.

Asubuhi vijana wawili wa jirani walikuja kumbeba bibi. Waliinama, wakapitisha mikono chini yake. Akawapiga mikono ile.

"Ngojeni. Mjukuu, gari hili limetengenezwa nini?"

"Usukani, bibi."

"Nani ametengeneza?"

"Fundi tuliyekuja naye."

"Yuko wapi?"

"Ameenda ukweni kwake."

"Mwiteni."

"Bibi, amesema iko salama. Na mguu wako unahitaji..."

"Mguu umevimba. Akili haijavimba. Mwiteni."

Nilielekezwa, nikaenda. Nilimkuta fundi amechuchumaa uani kwa wakwe zake, koti lake bado amelifunga vifungo vyote. Hakuna aliyempa kigoda. Kuku alikuwa chini pale pale alipowekwa, hajafunguliwa miguu, na kifurushi kilikuwa kando yake. Mke wake alikuwa anapepeta maharage, ungo unakwenda juu na chini, macho yako kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake imara. Nilijisikia vibaya kuingia katikati ya jambo lile, lakini pia, nisiseme uongo, nilitaka kuona.

"Fundi, bibi hapandi bila wewe."

"Mwambie iko salama."

Ungo ukasimama. Mke wake akainua uso, akacheka kicheko kifupi kisicho na raha.

"Umemsikia, dereva? Hayo ndiyo maneno yake. Paa linavuja: iko salama. Unga umeisha: iko salama. Ukuta umepasuka unaona nje: iko salama. Miaka yote nimekaa na mtu wa iko salama."

"Mama, mbele ya mgeni..." fundi alisema.

"Mgeni ndiye anayeendesha! Asisikie kwa nini?" Akaweka ungo chini. "Sasa nisikilize. Kama hicho chako kiko salama, shuka nacho pamoja na mama wa watu. Ukirudi na gari hilo hilo, nitapanda. Usiporudi, nitajua la kufanya na huyu kuku."

Nyumba ya pili mtu alicheka. Fundi alisimama, akajipangusa, akamtazama kuku, akanifuata.

Bibi alipakiwa kiti cha kati, mguu wake umewekwa juu ya mto. Fundi akaketi dirishani. Tulipofika pale barabara inapoanza kuinama, kabla ya kona ya kwanza, alisema neno ambalo hakuwahi kulisema njia nzima ya kupanda.

"Simama."

Nilisimama. Alishuka, akavua koti, akaingia chini ya gari. Nilingoja. Nikaweka jiwe kwenye gurudumu, nikaingia na mimi. Tulilala bega kwa bega, uso juu. Kutoka chini mambo yalionekana tofauti na nilivyoyaona kutoka kwenye boneti. Tundu moja la kaplingi halikuwa duara tena. Lilikuwa limevutika likawa na umbo la yai, na nyuzi nyeupe za turubai zilikuwa zimeanza kutokeza.

Fundi aliligusa kwa kidole. "Nyuzi zake zote zimelala upande mmoja," alisema kwa kunong'ona. "Mkanda ulifumwa kuvuta mbele tu. Huku unashika. Huku unachanika."

"Ulijua?"

"Nilijua mkanda uko hivyo. Nilidhani itavumilia."

Sauti ya bibi ikatoka juu yetu. "Nyie huko chini, mnanong'ona nini?"

Fundi alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja, na nadhani bibi naye alijua. Kikakwama. Alilala pale akiitazama kazi yake.

"Bibi," alisema, "haiko salama sana."

"Sana kiasi gani?"

"Kiasi cha kwenda polepole."

Bibi akaguna. "Basi twende polepole. Kusema tu kumekushinda tangu jana?"

Alifanya kazi ambayo naikumbuka mpaka leo. Alifungua boliti moja baada ya nyingine, akaweka vibati vipana kubana raba, kisha akachukua waya laini akauzungusha kutoka boliti hadi boliti, akipitisha, akivuta kwa koleo, ili nyuzi zikikatika waya ushike angalau mpaka nisimamishe gari. Jasho lilimtiririka kuelekea masikioni. Alipotoka hakurudi kwenye kiti.

"Nitatembea mbele," alisema. "Nikiinua mkono, simama hapo hapo."

Nikatia gia ya kwanza. Fundi alishuka mlima ule akitembea kinyumenyume, uso wake kwenye magurudumu yangu. Mimi nikigeuza usukani, yeye akiangalia kama gurudumu linatii papo hapo au linachelewa. Penye mawe alijikwaa, akasimama, akaendelea. Kwenye kona mbaya kuliko zote, ile ambayo chini yake unaona vichwa vya miti, aliinua mkono, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akaja, akachungulia, akakaza waya, akarudi mbele.

"Haya," bibi alisema, ameushika mguu wake kwa mikono miwili. "Fundi wa kupanda, leo anatembea."

Sikuondoa macho barabarani. Nilikuwa nausikiliza usukani kwa mikono, kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani. Ulianza kulegea kidogo. Baadaye ukalegea zaidi. Ulikuwa unalalamika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishukuru lalamiko. Nilipunguza mwendo mpaka wachoma mkaa waliokuwa wanashuka kwa miguu walitupita wakatupa pole.

Tambarare tuliifikia jua likiwa limeelekea kuzama. Fundi akaingia ndani, vumbi limemgeuza rangi, na tukaenda hivyo hivyo polepole. Pale kwenye kizuizi mlinzi aliangalia ndani akatafuta mke, akakuta bibi, akafunga mdomo. Bibi tulimfikisha hospitalini. Waganga walimpokea, mguu wakaupasua kutoa usaha, na mwanae alipokuja aliambiwa kwamba kama angechelewa mpaka mvua, mguu usingeokoka. Alinishukuru mimi. Alimshukuru fundi. Fundi alikuwa anaangalia chini.

Baada ya siku chache fundi alimwendea mwenye gari akaomba apewe safari ya Mwese tena, kwa sababu aliyoijua kila mtu. Akakubaliwa. Nilipeleka pikapu kibandani kwake, nikakaa kwenye debe nikamtazama akikata kaplingi mpya.

Mara hii hakukata kipande kimoja. Alikata viwili vyembamba, akavilaza nyuzi zikikatizana, za kimoja kwa urefu na za kingine kwa upana. Akavishona ukingo kwa uzi wa nta, kushona kwa fundi viatu, akirudia kila tundu. Akatupa boliti za zamani, akatoa mpya ambazo sikujua kama anazo. Alinipa nikunje, nivute, nikanyage. Alinipa patasi akaniambia nijaribu kuchana. Nilijaribu. Alifanya kazi ile kutwa nzima, na wateja wengine akawaambia waje kesho.

Nilingoja mpaka akawa anaifunga kwenye gari.

"Fundi. Mara ya kwanza kwa nini hukukata hivi?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo tena, angalau kwangu mimi na angalau juu ya jambo lile. "Mara ya kwanza nilikuwa najipandisha mwenyewe tu."

"Na bibi je? Ulijua tunakwenda kumchukua bibi."

Spana yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Bibi nilikuwa simjui."

Alikaza boliti ya tatu, akaipima kwa kidole, akaikaza tena. Nilitaka kumuuliza kama mimi, niliyekuwa nimeshika ule usukani kwenda na kurudi, alikuwa ananijua. Lakini alikuwa tayari ameingia chini ya gari, na kwa jinsi alivyokuwa anaiangalia ile boliti ya nne, niliona ni afadhali nisimpotezee mawazo.